Nipige Kwanza au Nisogee? Mwongozo wa ASL Starter Kit kwa Anayeanza

Karibu kila Jumamosi mtu mpya akikaa mezani kwetu hapa Sinza swali la kwanza ni hilohilo, "nikishapiga naweza kusogea?" Jibu ni hapana (ukiacha ile heksi moja ya mwisho wa zamu, tutaifikia), na ukishaelewa kwa nini ni hapana ushamaliza nusu ya kazi. Swali la pili linakuja kama saa moja baadae, ashapoteza vikosi vitatu barabarani: "sasa mbona kila nikisogea nakufa?" Nimejibu hayo maswali mpaka chai inapoa mkononi, basi leo naandika yote mara moja, ukija mezani uwe ushayasoma.

Gemu yenyewe ni Advanced Squad Leader, vita ya pili ya dunia kwa ngazi ya vikosi vidogo. Mzee wake ni Squad Leader ya John Hill iliyotoka 1977 kwa Avalon Hill, ASL ikafata 1985, halafu 2004 Multi-Man Publishing wakatoa Starter Kit ya kwanza kwa ajili ya watu kama sisi tusio na muda wa kusoma kitabu cha sheria kama msahafu. Heksi moja, yaani kile kichumba cha pembe sita kwenye ramani, ni mita 40. Raundi moja, yaani zamu yako na zamu ya adui, ni dakika 2 za vita. Kumbuka hizo namba mbili maana zinaeleza mengi, dakika mbili mtu hawezi kulala chini akalenga vizuri apige, alafu ainuke akimbie mita 160, apige tena.

Kama unacheza bao utanielewa haraka. Kuna mtaji, unakula, na kuna takata, hakuna cha kula unasogeza tu kete kujipanga. Ila kwenye bao ukiwa na cha kula lazima ule, ndo sheria. Huku hakuna anayekulazimisha, na hapo ndo wengi wanapotelea, wanamuona adui mbele ya macho wanadhani lazima wampige, wanapiga wanapiga, raundi zinaisha kijiji hawajakigusa.

Kabla hujaanza

- Starter Kit #1. Hii haina mizinga wala vifaru, ni askari wa miguu tu, na ndo unachotaka. Kuagiza nje gharama ya usafiri ndo inauma, hivo changeni watu watatu wanne mnunue boksi moja.
- Ukikosa kabisa, programu ya VASSAL ni bure na moduli yake ya ASL inaitwa VASL. Unashusha mara moja kwa bando, ukishaweka unafungua kwenye laptop mnacheza wawili mmekaa kochi moja. Sheria bado utazihitaji.
- Dadu mbili za rangi TOFAUTI. Za ludo za Kariakoo zinafaa. Rangi ina kazi, moja kati ya hizo mnaichagua iwe "dadu ya rangi", nayo ndo inaamua kama rashasha inapiga tena.
- Kibanio cha nyusi. Usicheke, zile kaunta (vikaratasi vya vikosi) ni ndogo na zinapangwa juujuu, vidole vikubwa vinabomoa ngome nzima.
- Feni igeuziwe upande mwingine. Joto la Dar tunalijua ila tulishapoteza kampuni nzima ya Warusi chini ya kabati kwa sababu ya feni.
- Masaa matatu ya utulivu.

Kaunta ya kikosi ina namba tatu. Mjerumani wa kawaida ni 4-6-7, yaani nguvu ya risasi 4, umbali heksi 6, moyo 7 (uwezo wa kuvumilia kupigwa). Mrusi 4-4-7, Mmarekani 6-6-6. Dadu ukirusha unataka namba NDOGO, hili wageni wa ludo linawasumbua siku nzima ya kwanza.

Zamu yako inaenda hivi: kurudisha moyo waliovunjika (walioshindwa kipimo cha moyo, hawapigi mpaka warudi sawa), kupiga kwa maandalizi (kwenye kaunta utaona Prep Fire, sisi tunaita prepu), kutembea, adui anapiga, wako waliotembea nao wanapiga, waliovunjika wanakimbia, unasogea heksi moja, mnashikana mikono, yaani mnapigana ana kwa ana ndani ya heksi moja. Hatua nane. Chapisha uibandike ukutani.

Hatua kwa hatua

1. Hesabu njia kurudi nyuma. Kabla ya dadu yoyote angalia unatakiwa ufike wapi na una raundi ngapi. Tuseme ni heksi 10 na raundi 6. Kikosi kina pointi 4 za kutembea, uwanja wazi unakula 1, msitu 2, nyumba 2. Kwa mwendo wa kujificha unaenda kama heksi mbili kwa raundi, plus ile moja ya mwisho wa zamu, hivo raundi tatu nne hivi umefika kama hakuna aliyekuvunja. Maana yake una raundi mbili tu za kukaa na kupiga, sio tano. Iandike hiyo namba pembeni kabisa, "mbili". Kila raundi ambayo kikosi cha mbele kinapiga prepu unatoa moja, ikifika sifuri hakuna tena kukaa.

Hii hatua watu wanairuka. Wanaofanya hii hatua tu, hata mengine yote wasiyafate, washaanza kutusumbua mezani.

2. Gawa kazi. Kila raundi, kila kikosi chako kiwe na kazi moja kati ya mbili, kupiga au kutembea. Mimi vikosi sita nagawa viwili vipige pamoja na rashasha nzito, vinne vitembee. Raundi ya kwanza naweza kupigisha vitatu. Ya mwisho hapigi prepu mtu.

Rashasha nzito na afande mzuri (kaunta ya kiongozi wa vikosi) wanakaa na wapigaji. Ile ya Mjerumani ni 7-16, nguvu 7 umbali heksi 16, na inaweza kupiga tena na tena dadu ya rangi ikitoka 3 au chini, ukianza kuibeba unazunguka nayo hayo yote umeyatupa. Nimeona mtu kaibeba raundi tatu mfululizo kutafuta "engo nzuri", sinario ikaisha haijatoa risasi hata moja.

3. Piga prepu mmoja mmoja, usitangaze wote. Hapa pana siri ndogo. Hakuna sheria inayokulazimisha useme mwanzoni nani atapiga na nani atatembea. Anza na rashasha. Ikimvunja yule mlinzi wa barabara kwa risasi ya kwanza, basi wale wawili uliotaka wapige sasa wako huru kutembea! Isipomvunja, piga na wa pili. Yaani mpango unaandika huku unaona matokeo.

Wa kupigwa ni nani? Yule anayeilinda njia yako. Wageni wanapiga aliye karibu au aliye peke yake kwenye kichaka kwa sababu ni rahisi, sawa utamvunja, ila yule wa kwenye ghorofa la mawe anayeona barabara nzima umemuacha na ndo atakumaliza.

Angalia pia jedwali la risasi, safu zake ni 1, 2, 4, 6, 8, 12, 16 na kuendelea. Nguvu 7 inasomwa kwenye 6, ile moja imepotea. Vikosi viwili vya 4 vikikaa pamoja ni 8 kamili, vitatu ni 12 kamili. Na bila afande, dadu zikilingana unashushwa safu moja kwa woga, so usipigishe kundi kubwa bila afande kama una namna.

4. Tanguliza chambo. Kama una nusu kikosi (kile kilichobaki baada ya wenzake kuuliwa) hiki ndo dhahabu yako. Kitembeze kwanza, mbele ya macho ya mlinzi, kikae karibu naye. Akikipiga anawekewa alama ya First Fire. Baada ya hapo anaweza kupiga tena ukiendelea kutembea, lakini kwa nusu nguvu, na kwa mtu asiye mbali kuliko adui aliye karibu naye zaidi. Maana yake chambo kikiwa heksi mbili kutoka kwake, kundi lako linalovuka heksi tano pale kule hawezi kulipiga tena.

Asipokipiga pia sawa, kimefika. Ndo uzuri wa chambo, adui hana jibu zuri. Ni ukatili ndio, ila ni kikaratasi.

5. Tembea mmoja mmoja, na uogope uwanja wazi. Ukitembea kawaida mbele ya adui anapata −1 kwa sababu hujatembea kwa kunyata, na ukiwa uwanja wazi anapata −1 nyingine. Jumla −2. Sikiliza hesabu, ni hii tu nitakupa: dadu mbili zina matokeo 36. Tuseme adui anahitaji 5 au chini akuvunje, hiyo ni 10 kati ya 36. Ukimpa adui −2 inakuwa 21 kati ya 36, zaidi ya nusu. Ukiwa umetulia ndani ya nyumba ya mawe, +3, inakuwa 1 kati ya 36. Moja! Adui yuleyule, bunduki ileile.

Kwa hiyo tofauti haipo kwenye bunduki, ipo kwenye umesimama wapi wakati unapigwa. Ni kama kuvuka Morogoro Road kule Kimara, hukimbii kutoka upande mmoja mpaka mwingine, unavuka upande mmoja unasimama katikati unaangalia, unavuka wa pili. Msitu ni +1, nyumba ya mbao +2. Ruka kutoka kimoja kwenda kingine.

Kama ni heksi moja tu tumia mwendo wa kunyata, unasema kabla hujaanza, unaenda heksi moja bila kumaliza pointi zako zote, ile −1 ya kwanza inaondoka.

ANGALIZO: usitembeze rundo la vikosi vitatu pamoja. Risasi moja inawagonga wote. Sababu pekee ni afande, akianza nao na kwenda nao wanapata pointi 2 za ziada, hivo wanakuwa na 6. Inafaa ukiwa nyuma ya nyumba hakuna anayekuona. Mbele ya rashasha ni kujitolea sadaka.

ANGALIZO lingine: heksi iliyopigwa inabaki na mabaki ya risasi, nusu ya nguvu, kuna kaunta yake inaitwa Residual. Mwenzako akifata njia ileile anaikanyaga. Wa pili apite heksi ya pembeni.

6. Moshi. Namba ndogo juu ya nguvu ya risasi ndo uwezo wa moshi. Mmarekani 6-6-6 ana 3, Mjerumani 4-6-7 ana 1, Mrusi 4-4-7 hana kabisa. Unalipa pointi 1 kuuweka heksi yako, 2 heksi jirani, unarusha dadu moja, ikitoka sawa na namba yako au chini umepata. Ikitoka 6 kikosi kinasimama hapohapo, kwa hiyo usijaribu ukiwa umesimama katikati ya barabara, jaribu ukiwa bado ndani ya nyumba. Moshi wa mkono unampa adui +2 na unatoweka kutembea kukiisha, yaani haukusaidii kwenye ile hatua ya adui kupiga baada ya wewe kutembea. Wengi wanasahau wanabaki wamesimama nje wakijua wamefunikwa.

7. Fika jirani ndo upige. Waliotembea wanaruhusiwa kupiga ila kwa nusu nguvu. Inaonekana hovyo. Lakini ukipiga heksi ya jirani nguvu inazidishwa mara mbili, nusu mara mbili unarudi kwenye nguvu yako kamili. Yaani kikosi cha 4 kilichotembea mpaka mlangoni kwa adui kinapiga 4, sawa na kingepiga prepu kutoka mbali, na zaidi ya hapo kimeshafika. Kikipiga kikiwa heksi tano kinapiga 2, usihangaike, labda kama unataka kumsumbua aliyevunjika. Vile vyenye mstari chini ya namba ya nguvu vinaongezewa 1 mwishoni.

Hapa ndo kupiga na kusogea vinakutana. Siku ukianza kuona kila zamu ni nani wangu atamaliza akiwa jirani na nani wake, umeshaacha kuwa mgeni.

8. Kata njia ya kukimbilia. Aliyevunjika akiwa jirani na wewe lazima akimbie. Asipopata pa kukimbilia anatolewa mezani, bila dadu, bila mjadala. Kwa hiyo badala ya kumpiga mara tatu aliyevunjika, peleka kikosi kimoja nyuma yake. Akipita uwanja wazi ndani ya umbali wako na unamuona napo anapimwa moyo njiani. Miguu inaua kuliko risasi, hii nimejifunza kwa kuuliwa mimi.

Na ukiwa jirani au ukimpiga anakaa na alama ya DM (Desperation Morale), anaongezewa 4 kwenye dadu ya kurudi moyo. Aliyevunjika mwache avunjike, usimpe raundi ya kupumua.

9. Heksi ya mwisho ni ya bure. Mwisho wa zamu kila ambaye hajavunjika wala hajabanwa anasogea heksi moja, na adui HAPIGI. Hata waliopiga prepu wanaruhusiwa hii! Kwa hiyo barabara ya heksi moja usiivuke wakati wa kutembea, simama ukingoni ndani ya nyumba, halafu ingia mwishoni. Ila angalia unaishia wapi, zamu yake inakuja na prepu yake, ukimaliza katikati ya lami umejipeleka mwenyewe.

Zamu moja ilivyokuwa

Wiki iliyopita, nina Mjerumani, adui Mrusi wawili kwenye nyumba ya mawe inayoangalia barabara, mwingine msituni kushoto. Rashasha na afande wakapiga nyumba ya mawe. Hakuna kitu. Dadu ya rangi ikatoka 2, wakapiga tena, mmoja akavunjika mwingine mzima. Kikosi changu cha pili nilikuwa nimepanga kipige, nikakiacha maana nilijua kwa ile +3 nitachoma tu risasi.

Nikatoa nusu kikosi kushoto mpaka heksi mbili mbele ya nyumba. Jamaa akafikiria wee, akakipiga, kikavunjika, akapewa alama. Nikatembeza wa pili nyuma ya nyumba ya mbao, wa tatu akapita heksi ya pembeni kukwepa mabaki, akapigwa kwa nusu nguvu akaponea. Wakafika jirani. Wakapiga wawili pamoja, 8, yule mzima akavunjika, na wa nne nilikuwa nimemzungusha kwa nyuma toka raundi ya pili. Wote wawili hawakuwa na pa kwenda. Umeme ukakatika hapohapo tukamalizia kwa tochi za simu. Yule wa msituni hatukumgusa kabisa, na hakuna sababu ya kumgusa, hakuwa anaona chochote cha maana.

Ukikwama

*Muda unaisha nimefika katikati.* Prepu zimezidi. Raundi mbili zijazo piga na rashasha tu, wengine wote watembee hata kama inauma.

*Kila nikitoka nje nakufa.* Ama unatoka na mtu wako bora kwanza, badala ya chambo, ama unakatiza uwanja wazi kwa sababu ni njia fupi. Hesabu upya kwa kuzunguka, mara nyingi ni raundi moja zaidi.

*Adui hapigi, anangoja tu.* Mjanja huyo, anamsubiri afande wako. Basi mnyime, pitisha vikosi vya kawaida mpaka jirani, akiendelea kungoja utampiga kwa nguvu kamili mlangoni.

*Nilikimbiza vikosi kwa kasi ya ziada sasa hawapigi vizuri.* Wana alama ya CX, wamechoka, kila wanachopiga kinaongezewa 1. Kukimbia hivyo ni kwa ajili ya kuvuka sehemu isiyoonekana, usifanye raundi unayotaka kupiga au kushikana mikono.

*Mimi ndo mlinzi, nifate haya?* Geuza. Usipige chambo kama nyuma yake kuna kundi, acha vikosi viwili bila alama mpaka afande wake atoke. Na usikae nyumba moja mpaka ufe, kwenye zamu yako rudi nyuma heksi moja kabla hajakufikia jirani, atakuja kwenye nyumba tupu, atakuwa amechoma raundi nzima, na wewe uko nyumba ya pili unamsubiri atoke mlangoni.